Deiwaka wa Farasi

Deiwaka unamjua. Kaa dakika kumi kwenye kituo chochote cha daladala Dar utamwona, kaegemea nguzo, tambara begani, anasubiri dereva mwenye gari aseme "shika mzee, nikale." Akishika usukani anapiga raundi mbili tatu, anapewa chake, anashuka. Hajui breki zimeamkaje asubuhi. Hajui kama mwenye gari anadaiwa spea. Anachojua ni barabara, na barabara anaijua kuliko wote. Gari likileta noma mbele ya safari, hapo ndipo utasikia mabishano: kosa la nani? La aliyeshika usukani, au la aliyelitengeneza gari?

Nimeanza na deiwaka kwa sababu nataka kukupeleka Marekani na Kanada, kwenye mchezo ambao kwetu haupo, nao una deiwaka wake. Gari lao lina roho. Linakula, linaumwa, linaogopa kivuli, na lina namna mbili tu za kukimbia zinazoruhusiwa. Ni mbio za farasi wa vigari.

Usizichanganye na mbio za kule Ngong Road, Nairobi, ambako mtu mwembamba anapanda mgongoni na farasi anatimka mbio zake zote. Hapa hakuna anayepanda. Farasi anafungwa kigari chepesi cha magurudumu mawili, dereva anakaa nyuma kabisa, miguu kaitanua kwenye vyuma vya pembeni, hatamu mkononi, mkia wa farasi karibu umguse uso. Na farasi haruhusiwi kutimka. Ama aende mwendo wa mshazari, mguu wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, ama aende mwendo wa ubavu, miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, kama anavyotembea ngamia. Akiuvunja mwendo akaanza kutimka, dereva lazima amvute, amtoe njiani mwa wenzake, amrudishe kwenye mwendo wake, na muda huo wote wengine wanapita. Maana yake ni kwamba farasi anafundishwa kukimbia kwa kasi kuliko nafsi yake inavyotaka, lakini asije akakimbia anavyotaka mwenyewe. Hilo somo huchukua miezi, na mwalimu wake ndiye mtu wa kwanza katika habari hii.

Zamani huyo mwalimu na dereva walikuwa mtu mmoja.

Tuanzie mwaka 1849, kijiji cha Sugar Loaf, jimbo la New York. Kibarua wa shamba aitwaye William Rysdyk alikuwa anamfanyia kazi tajiri mmoja, Jonas Seely. Seely alikuwa na farasi jike kilema aliyezaa kitoto dume. Rysdyk akakipenda. Akawanunua mama na mtoto kwa dola 125, fedha ambazo kwa kibarua wa wakati ule hazikuwa mchezo. Kitoto kile ndicho Hambletonian, kilichokua kikazaa watoto zaidi ya 1,300 kabla ya kufa mwaka 1876. Karibu kila farasi wa vigari anayekimbia Amerika ya Kaskazini leo damu yake inarudi kwake, na kutoka kwake inarudi kwa Messenger, farasi wa kijivu aliyeshushwa melini Philadelphia mwaka 1788 akitokea Uingereza. Rysdyk akafa tajiri. Nadhani hadithi hii ndiyo iliyowaharibu wengi. Kila mkufunzi masikini tangu siku hizo amelala akiota kwamba kile kitoto kilichopo bandani kwake, chenye deni la majani, ndicho Hambletonian mwingine.

Mchezo ulikuwa wa wakulima. Farasi aliyempeleka daktari kwa mgonjwa Jumatatu, na familia kanisani Jumapili, ndiye huyohuyo aliyeshindana kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya. Mwenye farasi ndiye mfunzi, ndiye dereva, ndiye anayemwamkia usiku akipata msokoto wa tumbo. Hakuna aliyeuliza nani alaumiwe. Mwaka 1879 wakaweka kipimo cha farasi wa kuandikwa katika kitabu cha ukoo: maili moja kwa dakika 2 na sekunde 30, au chini ya hapo. Ndiyo maana aina hii ya farasi inaitwa Standardbred mpaka leo, farasi wa kipimo.

Kipimo kikaanza kushuka. Mwaka 1892 wakaacha magurudumu makubwa ya zamani, wakafunga madogo ya baiskeli yenye matairi ya upepo, na mwaka uleule farasi jike Nancy Hanks akaenda maili kwa dakika 2 na sekunde 4. Mwaka 1897 Star Pointer akashuka chini ya dakika mbili. Mwaka 1906 Dan Patch, aliyekuwa amenunuliwa miaka minne nyuma kwa dola 60,000, akatangazwa kwenda kwa dakika 1 na sekunde 55. Dan Patch alikuwa staa kwelikweli, jina lake lilibandikwa kwenye bidhaa za kila namna. Ukiniuliza mimi, huyu ndiye farasi wa kwanza aliyegeuka tangazo la biashara, na aliyefuata akageuka tangazo ni dereva.

Lakini kilichomkata mtu mmoja kuwa wawili ni taa za umeme.

Tarehe 2 Septemba 1940, Long Island, nje kidogo ya jiji la New York, ulifunguliwa uwanja wa Roosevelt Raceway. Wazo lilikuwa jepesi: mtu wa mjini mchana yuko kazini, basi mletee farasi usiku, chini ya taa, na dirisha la kubeti karibu. Mwanzoni watu hawakujaa. Tatizo mojawapo lilikuwa kuanza. Farasi walitakiwa wafike mstarini pamoja wakiwa tayari katika mwendo, na kila mara mmoja akitangulia wanarudishwa wote, mara ya tatu, mara ya tano, mtu kashachoka kabiti kake kamkaa mkononi. Mwaka 1946 ikaja dawa: gari lenye mabawa mawili marefu ya chuma linalotangulia mbele ya farasi, wote wanalifuata pua zao zikiligusa, halafu linaongeza mwendo, mabawa yanakunjwa, linawaachia njia. Dakika chache imekwisha, mbio nyingine. Watu wakafurika. Maelfu kwa maelfu kila usiku, wiki nzima.

Sasa piga hesabu ya mkulima wetu. Saa kumi na moja alfajiri yuko bandani. Farasi wote wanatakiwa watoke wakapashe miguu, taratibu, wakizunguka uwanja upande wa kinyume na ule wa mashindano, maili baada ya maili. Warudi waogeshwe, miguu ifungwe bendeji, mhunzi aje kwenye kwato, daktari wa mifugo aje kwenye goti. Mchana anapiga simu kwa wenye farasi kueleza kwa nini juzi farasi wao alikuwa wa saba. Saa mbili usiku anavaa koti la rangi zake, anapanda kigari, anashindana mpaka saa tano. Anarudi na lori. Kesho yake saa kumi na moja.

Walikuwepo waliolimudu hili, na ni kama hadithi za majini. Stanley Dancer mmoja. Billy Haughton mwingine, ambaye ndiye atakayenikalisha hapa kidogo. Haughton alizaliwa mwaka 1923, akashinda mbio karibu 5,000, akiongoza banda kubwa la farasi na papo hapo akiwaendesha mwenyewe. Mbio kubwa kuliko zote za farasi wa mshazari, Hambletonian Stakes, zilizoanza mwaka 1926 zikapewa jina la yule kitoto wa Rysdyk, alizishinda mara nne. Mara ya nne ilikuwa mwaka 1980, na farasi aliitwa Burgomeister. Januari ya mwaka huohuo mtoto wake Peter, naye dereva, kijana ambaye wote walikuwa wanasema atampita baba, alikuwa amekufa kwa ajali ya gari baada ya kazi ya usiku uwanjani. Miezi michache baadaye baba kakaa kwenye kigari, kashinda.

Julai 1986, Haughton akiwa na umri wa miaka 62, farasi walianguka katika mbio kwenye uwanja wa Yonkers. Aliumia kichwa, akafa siku chache baadaye. Utauliza mzee wa miaka 62 alikuwa anatafuta nini pale. Katika mchezo huu uzito wa dereva hauhesabiwi kama wa yule anayepanda mgongoni, kwa hiyo hakuna mzani wa kukustaafisha. Mwili ukiuma unavumilia. Na kigari kinakaa chini, magurudumu yamepishana kwa inchi na magurudumu ya jirani. Mguu mmoja ukiteleza mbele, walio nyuma hawana pa kwenda. Usiku wa tarehe 8 Novemba 1963, palepale Roosevelt, farasi sita kati ya wanane walishindwa kumaliza baada ya kugongana. Madereva wako chini kwenye vumbi, farasi wamenaswa na vigari. Waamuzi wakaamua matokeo yasimame. Umati ulifanya nini? Ulivamia uwanja, ukavunja vitu na kuchoma moto, kwa sababu ya tiketi za kubeti. Nimesoma habari hiyo mara kadhaa na kila mara nakwama palepale: katika hasira yote ile, waliolala chini hawakuwa habari yenyewe.

Basi polepole watu wakagawana. Septemba 1976 ulifunguliwa uwanja wa Meadowlands, New Jersey, wa maili nzima kwa mzunguko mmoja, zawadi nono, farasi wanakwenda kwa kasi ambayo viwanja vidogo haviiruhusu. Hapo sekunde moja ya tano ilianza kuwa na bei, na mwenye farasi akaanza kuuliza swali baya: kwa nini farasi wangu aendeshwe na mzee aliyekesha na majani, wakati kuna kijana ambaye kazi yake ni kuendesha tu? Kijana huyo kaja na begi lake la helmeti na miwani. Mbio ya kwanza yuko nyuma ya farasi wa banda hili, ya pili wa banda lile, ya kumi wa banda ambalo mwenyewe hajawahi hata kulikanyaga. Deiwaka huyo.

Mkubwa wao aliitwa John Campbell, mtoto wa wakulima wa Ontario, Kanada, aliyezaliwa mwaka 1955. Mpaka anastaafu mwaka 2017 alikuwa ameshinda mbio zaidi ya 10,000, na farasi aliowaendesha walikuwa wameingiza karibu dola milioni 300. Alivunjika mifupa mara kadhaa, akarudi kila mara. Wapo waliosema enzi ya mtu mmoja bado, wakamtaja Clint Galbraith. Galbraith alikuwa mkufunzi wa Niatross, dereva wa Niatross na mwenye hisa katika Niatross, kofia tatu kichwa kimoja. Mwaka 1980 farasi huyo, hajawahi kushindwa hata mara moja, alianguka juu ya uzio wa ndani pale Saratoga akiwa na Galbraith nyuma yake. Watu wakamsema dereva. Lakini hakuna aliyeweza kumfukuza, angejifukuzaje? Oktoba mwaka uleule, Lexington, Kentucky, mtu yuleyule na farasi yuleyule wakaenda maili kwa dakika 1, sekunde 49 na moja ya tano. Hakuna farasi wa vigari aliyekuwa amewahi kwenda chini ya 1:50. Kwa macho yangu ile ndiyo salamu ya mwisho ya wakulima. Tazama rekodi ya Julai 2022, dakika 1 na sekunde 45 na nne za tano, farasi Bulldog Hanover, Meadowlands: mkufunzi Noel Daley katokea Australia, dereva Dexter Dunn katokea New Zealand. Watu wawili, kazi mbili, farasi mmoja.

Sasa tuingie kwenye mshiko, maana ndiko mambo yanakobana.

Desturi ya Amerika ya Kaskazini ni kwamba zawadi ya mbio inagawanywa kwa watano wa kwanza: asilimia 50, 25, 12, 8 na 5. Dereva anachukua asilimia 5 ya kile farasi alichopata, mkufunzi naye 5. Chukua mbio ya kawaida ya dola 10,000. Ukishinda, farasi kapata 5,000, dereva 250, mkufunzi 250. Si mbaya. Ukiwa wa tano, farasi kapata 500, na kila mmoja wenu ana dola 25. Ukiwa wa sita, nauli yako. Dereva mzuri ana mbio kumi usiku ule, akikosa hii anaipata ile. Mkufunzi mdogo ana farasi wawili. Kweli analipwa na mwenye farasi posho ya kila siku kwa kila farasi, lakini ndani ya posho hiyo kuna majani makavu, kuna nafaka, kuna vumbi la mbao la kulalia, na kuna saisi, yule mtunza farasi anayelala karibu na banda na ambaye magazeti hayamwandiki. Mwenye farasi akichelewa kulipa, farasi hachelewi kula.

Halafu kuna mbio za bei, ambazo kwangu ndizo zenye uchungu kuliko zote. Ili farasi wa kiwango kimoja wakutane, uwanja unaweka bei: kila anayeingia hapa anauzwa, tuseme dola 15,000. Mtu yeyote mwenye leseni anaweza kuweka karatasi na fedha kabla ya mbio. Mbio zikiisha, zawadi inakwenda kwa mwenye farasi wa zamani, farasi anakwenda na mwenye mpya. Hapohapo, na jasho lake. Fikiria umempokea farasi mwenye goti bovu, umemweka barafu miezi minne, umemtembeza kwa mkono, umemjua kwamba hapendi lijamu baridi asubuhi. Amepona, unamwingiza mbio ya bei kwa sababu ndicho kiwango chake. Usiku huo unarudi nyumbani na hatamu mkononi, banda liko tupu. Ukimwingiza kwa bei kubwa asichukuliwe, anakutana na wanaomzidi, hapati kitu. Ukimwingiza kwa bei ndogo, anashinda na anaondoka. Mkufunzi anaishi katikati ya hofu hizo mbili kila anapojaza fomu.

Dereva naye asikudanganye mtu kwamba ana raha. Hana farasi. Leo kapewa farasi bora wa banda fulani, kafanya kosa dogo, katoka nje mapema, kafungiwa njia kwenye kamba. Wiki ijayo jina jingine limeandikwa. Hakuna barua. Mkufunzi mwenye farasi bora anajua kuwa madereva wote wanamtaka, na dereva bora anajua kuwa wakufunzi wote wanamtaka, kwa hiyo wale wa juu wanachaguana wao kwa wao, na wa chini wanabaki na wa chini. Dereva kijana anapewa wale farasi ambao hakuna mwingine aliyewataka: wanaovunja mwendo, wanaovuta upande mmoja, wanaopiga teke kigari. Huwezi kuonyesha kuwa unajua kuendesha ukiwa nyuma ya farasi asiyekwenda, na hupewi anayekwenda mpaka uonyeshe. (Kijana mwenzangu unayepeleka miswada kwa wachapishaji, nakuona unatabasamu.)

Hapo katikati ya mikono miwili ndipo dawa zilipoingia. Sisemi zamani watu walikuwa malaika, hila katika mbio ni za tangu enzi. Lakini tazama jinsi kasi ilivyogeuka kuwa kitu cha kununua. Hila moja mashuhuri haikuhitaji hata duka la dawa. Ni soda ya maandazi, ile ya jikoni. Unaikoroga na maji na sukari, unaipitisha kwa mpira puani mpaka tumboni mwa farasi saa chache kabla ya mbio, ili damu iweze kupambana na ile asidi inayoleta uchovu wa misuli. Wenyewe wakaibatiza jina la kinywaji cha maziwa. Viwanja vikaanza kupima damu kabla ya mbio. Wakahamia kwenye vitu vingine, vya kuongeza chembe nyekundu za damu, vya kuua maumivu.

Na sheria ya viwanja ni hii: farasi akikutwa na dawa, mkufunzi ndiye mwenye jukumu, hata kama alikuwa amelala. Saisi kamwekea? Mkufunzi. Daktari kakosea siku? Mkufunzi. Dereva aliyekaa nyuma ya farasi huyo na kuchukua asilimia 5 yake anapanda kigari kinachofuata. Sheria hiyo naielewa, maana bila hivyo kila mtu angemnyooshea mwenzake kidole. Lakini inamkalisha mkufunzi mwaminifu pabaya. Jirani yake bandani ghafla anashinda na farasi wa kawaida, farasi ambao juzi walikuwa wa sita. Wenye farasi wanaanza kuhamisha mali kwa jirani. Afanye nini? Akipiga kelele ataonekana mwenye wivu. Akikaa kimya banda linakwisha. Akifanya kama jirani, basi.

Machi 2020 waendesha mashtaka wa serikali kuu mjini New York walitangaza kesi dhidi ya watu zaidi ya ishirini, wakufunzi, madaktari wa mifugo na wauzaji wa dawa, wa mbio za kupanda na wa mbio za vigari pamoja. Kwenye simu zilizorekodiwa mlikuwa na mambo ya kutisha. Daktari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 11 mwaka 2022. Na mwishoni mwa mwaka 2020 bunge la Marekani likapitisha sheria ya chombo kimoja cha taifa cha kusimamia dawa na usalama, lakini kinawabana farasi wa kupanda. Wa vigari wameachiwa mlango waingie wakipenda. Hawajaingia. Kila jimbo lina sheria yake, na mkufunzi anayevuka mpaka wa jimbo kwa lori anapaswa kujua ni saa ngapi dawa ya kikohozi inayoruhusiwa huku inageuka kosa kule.

Kwa nini waliochukizwa wote hawakuacha tu? Wengi waliacha. Waliobaki walibakizwa na mashine za kamari, na hapa ndipo pa kumalizia.

Umati wa Roosevelt haukudumu. Mwaka 1971 jiji la New York lilifungua vibanda vya kubeti mitaani, mtu hana haja tena ya kwenda uwanjani. Mwaka 1978 ikafunguliwa kasino ya kwanza Atlantic City. Mwaka 1988 Roosevelt yenyewe ikafungwa. Leo pale kuna maduka na sinema. Viwanja vilivyobaki vikaenda kwa wanasiasa na ombi: turuhusuni tuweke mashine za kamari kando ya uwanja, sehemu ya mapato iingie kwenye zawadi za mbio. Delaware ikaanza katikati ya miaka ya tisini, Ontario mwaka 1998, New York na Pennsylvania zikafuata. Zawadi zikapanda ghafla. Wakufunzi wakajenga mabanda, wakanunua majike ya kuzalisha. Dili lilikuwa tamu. Hakuna aliyesema kwa sauti kuwa tangu siku hiyo watazamaji hawakuwa wanamlipa tena farasi. Aliyelipa ni mtu aliyekaa ndani, kaipa kioo mgongo, anabonyeza mashine.

Ontario mpango ulikuwa kwamba asilimia 10 ya mapato ya mashine inakwenda kwa uwanja na 10 kwa watu wa farasi. Mapema mwaka 2012 serikali ya jimbo ikatangaza kuwa mpango unakwisha. Tarehe 31 Machi 2013 ukakwisha.

Ungekuwa mfanyakazi wa kiwanda, taarifa ya mwaka mmoja si haba. Lakini farasi jike hubeba mimba miezi kumi na moja. Kitoto chake kinaanza kushindana kikiwa na miaka miwili. Aliyempandisha jike wake masika ya mwaka 2011, akiamini zawadi zilizopo, alipata kitoto mwaka 2012, mwaka wenyewe wa tangazo, na kitoto hicho kingeingia uwanjani mwaka 2014, kwenye mchezo mwingine kabisa. Bajeti ya serikali inakwenda kwa mwaka. Farasi haendi hivyo. Majike yakauzwa kwa bei ya kutupa. Serikali baadaye ilirudisha msaada wa namna nyingine, mbio zikaendelea, lakini wapo waliokuwa wameshafunga mabanda.

Florida walifanya kwa mtindo wao. Pompano Park, uwanja uliofunguliwa mwaka 1964, ulikuwa kimbilio la majira ya baridi. Wakufunzi wa kaskazini walikuwa wanashuka na vitoto vyao vipya, theluji ikiwa imeganda kwao, kuvifundisha mwendo kwenye jua. Madereva nao walishuka. Sheria ya jimbo ilisema kasino ile iwe na mbio ndipo iwe na mashine. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa: mashine zinaweza kubaki bila farasi. Mbio ya mwisho ilikimbia tarehe 17 Aprili 2022. Wakufunzi wakapakia, madereva wakakunja makoti ya rangi zao. Kasino ya mlango wa pili haikufunga hata siku moja.